Ndoo Iliyotolewa Kabla ya Maua

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo ni miaka thelathini na moja na siku kumi na tisa tangu nitoke kwetu. Huwa nahesabu mvua zinapoanza, maana nilitoka mvua zikikaribia, na magoti yangu hukumbuka unyevu kabla kichwa hakijakumbuka tarehe.

Tumepika leo, kama kila mwaka Jumamosi ya kwanza ya mvua, katika banda la gari la Mwokaji. Tuko watatu: Mwokaji mwenyewe, aliyestaafu na kubaki na sufuria yake ya lita sitini, Bi Posta, aliyekaa dirishani akipiga mihuri miaka ishirini na saba, na mimi, ambaye maisha yangu ya kazi yalikuwa kusahihisha kurasa za watu wengine kiwandani kwa mpiga chapa. Tuliloweka kimea kwenye maji ya digrii sitini na sita kwa saa nzima, tukachuja, tukapata maji matamu ya rangi ya majani makavu. Hayo ndiyo msingi wetu sote. Yenyewe hayana tabia yoyote bado. Kila mtu hubeba ndoo yake nyumbani akayape tabia aitakayo. Mwokaji huifanya bia yake iwe nyeusi na nzito kama dawa ya viatu. Bi Posta hutia maganda ya machungwa. Mimi miaka yote nimefanya ya kawaida, ya kunywa na kusahau. Kanuni yetu ni moja: hakuna kuulizana nani ametia nini mpaka Jumamosi ya mwisho ya Novemba, tunapoonja pamoja.

Leo niliomba ndoo yangu itolewe mapema, kabla maua makavu hayajatiwa kwenye sufuria. Maua yale ndiyo huipa bia uchungu, na ndiyo huizuia isichache. Mimi nataka ichache.

Mwokaji aliweka upawa chini. "Mzee Kalamu, miaka kumi na miwili tunapika pamoja, leo unataka kunitoroshea maji yakiwa uchi?"

Nikamweleza. Shemeji yangu, mume wa marehemu dada, fundi saa, ana uvimbe tumboni. Chakula hakikai. Daktari alimwambia labda afike mwisho wa Novemba, naye daktari alikuwa akitazama dirisha alipokuwa akisema. Wiki iliyopita nilimuuliza shemeji anatamani nini. Alisema pombe ya mama yake, kikombe kimoja tu. Mama yake alikuwa mpishi wa pombe mtaani kwetu, na watu walivuka mitaa mitatu kuifuata. Shemeji alitangulia kuja huku miaka miwili kabla yetu, kutafuta kazi. Kwa hiyo ana miaka thelathini na mitatu hajaionja, na ana wiki nane.

Mwokaji hakutania tena. Alinishikia ndoo mwenyewe, akasubiri mpaka povu litulie ndipo akafunga kifuniko.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimefunga konzi mbili za kimea kibichi katika kitambaa safi na kukizamisha ndooni. Katika maganda ya kimea kibichi ndimo vinamokaa vijidudu vya uchachu. Vinataka joto la digrii arobaini, nami jikoni nina kumi na saba. Nimeizungushia ndoo blanketi na chupa nne za maji ya moto, ninazibadilisha kila saa tatu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Digrii thelathini na nane. Mvua.

Jumatano, 8 Oktoba

Imechacha vizuri. Harufu ni ya maziwa yaliyoganda, ulimi unakunjamana kidogo pembeni. Nimeichemsha ili uchachu usimame hapo ulipofika.

Alasiri nilikwenda kwa shemeji. Anaishi ghorofa ya tatu na binti yake, mpwa wangu, fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na mitano mwenye uso uliofungwa kama droo. Alinipa dakika ishirini, akasimama mlangoni kuzihesabu. Nilipotaka kumnyanyua baba yake aketi, alisema, "Mjomba, mwache," akamnyanyua mwenyewe bila neno, kama anavyonyanyua jora la kitambaa. Dada yangu hakuwa hivi. Dada alikuwa akiongea hata na masufuria.

Shemeji alinitania kwamba bia yangu ikimuua kabla ya ugonjwa, ugonjwa utanidai fidia. Sikumuuliza pombe ya mama yake ilikuwa na ladha gani. Sababu moja ni ile kanuni yetu ya ndoo, ambayo imekuwa tabia. Nyingine ni kwamba naikumbuka. Nimeibeba mdomoni miaka yote hii, naweza kuionja nikifumba macho.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimenunua kilo moja ya mtama kwa muuza nafaka za ndege. Ni mtama huohuo, ila umechorwa kasuku kwenye mfuko. Nimeukaanga mpaka ukawa rangi ya kahawa, nikauloweka kwenye maji baridi ili nipate rangi bila ukakasi. Kisha nimegawa chupa tatu za majaribio kutoka kwenye ndoo. Ya kwanza ni uchachu peke yake. Ya pili ni uchachu na mtama wa kukaanga. Ya tatu ina vyote hivyo, pamoja na mtama nilioufukiza moshi.

Kufukiza kumenichukua asubuhi nzima. Nilitumia chungu kikuukuu chenye mfuniko, vipande vya mti vinavyofuka ndani, chujio juu yake, mtama uliolowanishwa juu ya chujio, na chungu chenyewe roshanini. Jirani wa chini alipanda kuniuliza kama naunguza godoro. Nguo zake zilikuwa kambani, akasema sasa mumewe atakwenda kazini akinuka kama nyama iliyokaushwa. Nilimwomba radhi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeonja zote tatu. Ya kwanza ni ndimu tu. Ya pili ilikuwa safi, nyekundu, imetulia, na haikuniambia kitu. Niliimwaga.

Ya tatu niliishika mdomoni, nikajikuta nimekaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati, macho yananitoka maji. Ndiyo yenyewe. Nimetafuta neno jingine, sina. Ndoo nzima itafuata hiyo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimetia mtama wa kukaanga na wa moshi, nikachemsha, nikapoza, nikatia hamira. Mvua.

Jumapili, 19 Oktoba

Shemeji amepungua. Pete ameihamishia kwenye kidole gumba. Mpwa amepunguza dakika ziwe kumi. Nilimwambia anatulinda mno dhidi ya mtu wetu wenyewe. Aliendelea kupima uji kwa kijiko cha chai.

Jumanne, 21 Oktoba

Kizibo cha maji juu ya ndoo, kinachotoa mapovu hamira ikifanya kazi, kimenyamaza. Hamira imelala kwa baridi, na sukari haijashuka hata nusu. Nikisubiri joto la kawaida, mwezi utaisha, na mwezi ndicho kitu asicho nacho shemeji.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimeivika ndoo koti langu zito na kuifunga mikono kwa mbele, inakaa jikoni kama mgeni aliyekataa chai. Mimi natoka na sweta. Bi Posta amenikuta dukani nikitetemeka, akaniuliza koti liko wapi. Nikamwambia amelivaa mgonjwa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kizibo kinabwabwaja tena. Koti linanuka moshi.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimejaza chupa ishirini na mbili. Nimeacha machicha yaingie, maana ya kwetu haikuchujwa.

Jumapili, 2 Novemba

Naandika hili asubuhi ya Jumatatu, lakini ni la jana, liwe chini ya tarehe yake.

Nilipanda na chupa mbili ndani ya soksi za sufu ili zisipate baridi. Mpwa alinifungulia na, kwa mara ya kwanza, akatabasamu, akasema baba yake amenyoa kwa ajili yangu. Kweli alikuwa amenyolewa. Aliegemea mito mitatu, shati limefungwa mpaka kishikizo cha juu. Kwenye meza ndogo kulikuwa na kikombe kimoja cha bati, hicho alichokuja nacho safarini miaka thelathini na mitatu iliyopita.

Nilimimina. Aliinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha kama alivyokuwa akiinua saa ya mteja. "Rangi ndiyo," akasema. Alinusa, akasita. Alikunywa kiasi cha kijiko, akakishika mdomoni muda mrefu. "Ukali nao ndio. Umejitahidi, shemeji." Kisha akaniangalia. "Ila moshi umeutoa wapi?"

Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa.

"Haikuwa hivyo. Mama alikuwa hataki moshi hata wa kusingiziwa. Mkaa ulishika mpaka ukawa mweupe ndipo anapoweka kikaango. Mwenye sigara alimtoa uani, akiwemo baba. Wewe uliinywa wapi yenye moshi?"

Niliulizwa swali rahisi na mtu mgonjwa, na jibu lilinijia lote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayesoma ukurasa aliousahihisha mara mia na leo tu ndiyo anaona kilichoandikwa. Moshi ule haukuwa wa pombe ya mama yake. Ulikuwa wa wiki yetu ya mwisho.

Ningeweza kusema nimekosea kipimo. Nilikuwa na sentensi hiyo tayari mdomoni, na yeye angeiamini, angekunywa, tungeagana vizuri. Sijui kwa nini sikuisema. Labda kwa sababu alikuwa amenyoa.

Dada na mimi tulimwandikia mwaka ule kwamba mama yake alifariki usingizini, miezi miwili kabla hatujakimbia. Barua aliandika dada, mimi niliipitia. Nilibadilisha neno moja ili isomeke kwa upole.

Jana nilimwambia. Kwamba wavamizi walikuja alasiri wakachoma ghala la mtama. Kwamba mama yake aliingia kutoa magunia ya mbegu, maana alisema bila mbegu hakuna mwaka kesho, na paa likaanguka. Kwamba upande wa pili wa ghala kulibaki magunia matatu yaliyoungua juu tu. Visima vilikuwa vimetiwa uchafu, hapakuwa na maji ya kuaminika, kwa hiyo usiku ule dada alipika pombe ya haraka kwa mtama ule ulioungua ili tuwe na kitu kilichochemka cha kunywa njiani. Tulikunywa hiyo siku kumi na moja, sisi na mpwa, wakati ule mtoto wa miaka minne. Baada ya hapo sikuonja pombe ya kwetu tena. Kumbe katika miaka yote ya kuinywa nzuri, niliyoihifadhi ni ile.

Hakupiga kelele. Aliweka kikombe mezani, akakisogeza kwa kidole mpaka kikawa mbali naye. Akasema, "Mwite mwanangu."

Mpwa aliingia, akatazama kikombe, akamtazama baba yake, akanifungulia mlango.

Jumatatu, 3 Novemba

Nilikwenda. Sikupokewa.

Jumanne, 4 Novemba

Sikupokewa. Mvua ya upande, maji yanaingia chini ya mlango wa jengo lao.

Alhamisi, 6 Novemba

Vilevile.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilimkuta mpwa ngazini na kikapu cha shuka. Nilianza kuomba msamaha, akanikatisha. Aliweka kikapu chini na kukaa juu ya ngazi, nami nikakaa ngazi mbili chini yake.

"Mjomba, unadhani mimi sijui? Mama aliniambia nikiwa na miaka kumi na sita. Akaniapisha nisimwambie baba. Kila mwaka baba anaweka picha ya bibi mezani, anasema, angalau alilala salama. Mimi nimekaa nayo meza moja, miaka kumi na tisa, naitikia." Akaongeza kwa sauti ileile, "Nyinyi mlidanganya kwa barua moja. Mimi nimedanganya kila siku."

Nilikuwa nimemwita droo iliyofungwa. Humu mwenyewe nimeandika hivyo, tarehe nane ya mwezi uliopita, na sitalifuta. Sikujiuliza ni nani aliyeifunga.

Nilimuuliza kama baba yake anakula. Akasema hapana, na haongei, ila jana alisogeza kikombe kile karibu kidogo.

Jumapili, 9 Novemba

Ameniita.

Sauti imebaki nusu. Aliniambia nikae karibu, tena nisilie, kwa kuwa hana nguvu za kunibembeleza na tangu zamani mimi ni mzito. Kisha akauliza mambo kwa mpangilio, kama anayefungua saa na kupanga vipande juu ya kitambaa. Saa ngapi? Saa tisa alasiri. Mlango ulikuwa wazi? Ulikuwa wazi. Alikuwa peke yake? Peke yake. Alilia? Nikamwambia hatukumsikia, moto ulikuwa na kelele kuliko watu wanavyodhani.

"Mlimtoa?"

Hapo ndipo nilipopaogopa miaka thelathini na moja, kuliko hata moto.

"Hatukumtoa. Tulitoa mtama."

Alifumba macho muda mrefu, nikadhani amelala. Mpwa alisimama mlangoni, safari hii hahesabu dakika.

Nilimweleza mengine bila kuulizwa. Kwamba ule upande paa lilipomwangukia ulikuwa bado unafuka. Kwamba walisemekana wanarudi. Kwamba mimi na dada tulibeba magunia yale matatu mpaka uani na asubuhi tukaondoka, bila kumfukia hata kwa mchanga. Kwamba dada hakuweza kumwambia hilo, na mimi nilikuwa na kalamu.

Alifumbua macho, akataka kikombe. Mpwa alimmiminia kutoka chupa ya pili. Alikunywa vijiko vitatu, polepole, akipumzika kati ya kimoja na kingine.

"Kwa hiyo hii ndiyo mliyokunywa."

"Ndiyo. Siku kumi na moja."

"Na mwanangu?"

"Naye. Ndiyo iliyomfikisha."

Alilamba mdomo. "Ni nzuri," akasema. "Na hilo ndilo baya."

Alinishika mkono, si kwa nguvu, wala sitaandika kwamba alinisamehe, kwa sababu hakusema hivyo. Alinishika tu mpaka akalala.

Jumatano, 12 Novemba

Hatambui watu. Mpwa na mimi tunapokezana. Amenifundisha kumgeuza: mkono chini ya bega, mwingine nyuma ya goti, wala usiongee, maana ukiongea anajaribu kukujibu na anachoka. Ndiyo sababu yeye alikuwa hasemi neno.

Jumapili, 16 Novemba

Amefariki saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika kidogo.

Jumanne, 18 Novemba

Tumemzika huku. Kaburi lilijaa maji mara mbili kabla ya jeneza, wachimbaji wakayatoa kwa ndoo. Mwokaji alivua kofia akasimama na upara wake mvuani muda wote. Bi Posta alinishika kiwiko.

Jumamosi, 29 Novemba

Siku ya kuonja. Sikutaka kwenda, Mwokaji akaja kunichukua kwa gari. Nyeusi yake ilikuwa nzito kama kawaida. Ya Bi Posta imezidi maganda. Yangu waliionja, wakatazamana, na Mwokaji akasema katika miaka kumi na miwili hakijatoka kwenye sufuria yake kitu kama hiki. Alitaka kujua nimefanyaje, sasa kanuni inaruhusu. Nikamwambia uchachu siku tatu, mtama wa kukaanga, mtama wa moshi wa mti, hamira ileile, koti. Aliandika vyote kwenye daftari lake. Akauliza bia ya namna hii inaitwaje. Nikamwambia haina jina, na kwamba sitaipika tena. Alifunga daftari.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua zimekwisha. Mpwa alikuja kwangu kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na tepu ya kupimia bado shingoni. Ameomba likizo. Mwezi wa pili anakwenda kwetu, njia iko wazi siku hizi, na anataka kumtafuta bibi yake na kumfukia inavyostahili, hata kama ni kufukia mahali tu. Alitaka nimchoree.

Nilimchorea. Nilitumia karatasi mbili nilizoziunganisha kwa gundi. Barabara ya juu, kisima, nyumba yetu, yao, ua, ghala na mlango wake ukitazama machweo. Nilitia vipimo kwa hatua zangu za wakati ule, nikaandika pembeni kwamba hatua za kijana wa miaka thelathini na tisa ni ndefu kuliko zake, apunguze. Niliweka alama upande paa lilipoangukia. Upande wa magunia nao niliuchora.

Alikunja ramani mara nne, kwa unadhifu, kama kielelezo cha gauni. Akasema, "Twende wote, Mjomba. Wewe ndiye uliyeona."

Nilimwambia nitafikiri, akaondoka. Halikuwa jibu, na yeye amepewa ya namna hiyo ya kutosha. Kesho asubuhi nitapanda zile ngazi kumwambia waziwazi. Miaka thelathini na moja nimekuwa nikisema nitarudi, mwaka huu au ujao, kwa kila aliyeniuliza, na kila mwaka nilikuwa nasema kweli, kwa kuwa mahali nilipopatamani niliamini bado papo. Sasa najua nilichokuwa nikikitamani: ule moshi wa wiki ya mwisho, si mahali. Ramani ni sahihi, haitampoteza. Mimi sitarudi.